Kanali wa KFC: Buda Aliyeanza Kukodisha Jina Akiwa na Miaka 62

Wacha tuseme una base yako ya kuku pale Umoja. Jioni laini inafika hadi barabarani, jina limeshika, na sasa kuna msee wa Thika amekutafuta. Hataki kazi, hataki mkopo. Anataka kutumia jina lako na masala yako kwa kibanda yake, halafu akukatie kitu kidogo kwa kila kuku. Utamwambia aje? Ukikubali, jina lako linaingia Thika bila wewe kulipa kodi huko hata mwezi mmoja. Lakini siku huyo msee atauza kuku mbichi ndani, mteja atakutusi wewe. Hiyo biashara ndio wanaita franchaizi, na kabla ujibu, cheki maisha ya mzee mmoja ambaye sura yake unaijua vizuri: yule wa ndevu nyeupe na tai nyeusi kwa boksi ya KFC.

Anaitwa Harland Sanders, na hakuwa katuni. Alizaliwa 9 Septemba 1890 karibu na Henryville, jimbo la Indiana, Marekani. Fathe yake aliaga Sanders akiwa na miaka mitano tu. Mathe akaenda kutafuta kibarua, na kijana akabaki jikoni akipikia wadogo wake. Shule aliacha mapema, hata kidato hakuona. Mwaka 1906 alidanganya umri akaingia jeshi, wakampeleka Kuba, na mwaka uliofuata alikuwa ametoka. Kwa hivyo ile ukanali haina uhusiano na vita. Ni heshima gavana wa Kentucky alimpa mwaka 1935, vile huku kwetu mtu anaweza itwa chifu na hana ofisi.

Kazi alizofanya katikati ni kama za msee yeyote anayesota Nairobi. Alichochea moto kwa gari la moshi. Alijaribu uwakili huko Little Rock, akaharibu mambo alipopigana na mteja wake mwenyewe ndani ya korti. Akauza bima, akaendesha feri, akauza tairi za Michelin. Kituo cha mafuta alichokuwa nacho Nicholasville kilifungwa wakati uchumi wa Marekani ulianguka.

Mwaka 1930 akapata kituo kingine cha Shell pale Corbin, Kentucky, kando ya barabara kubwa. Wasafiri walikuwa wanafika na njaa, so akaanza kuwapikia. Mtaa huo ulikuwa noma. Mpinzani wake wa mafuta alikuwa anafuta matangazo yake kwa rangi, siku moja risasi zikarushwa, na meneja mmoja wa Shell akafa papo hapo. Mpinzani akafungwa. Sanders akabaki na wateja wote, na chakula kikapita mafuta.

Shida ilikuwa wakati. Kukaanga kuku kwa sufuria kulichukua kama dakika 30, na dereva wa safari ndefu hana hiyo dakika 30. Mwaka 1939 akaanza kutumia presha kuka, akacheza nayo hadi ikakubali kukaanga kwa mafuta. Mwaka 1940 akamaliza kupanga mchanganyiko wake wa viungo 11. Weka hii kwa akili: alikuwa amepika zaidi ya miaka tisa mahali pamoja kabla ajue kuku wake anapikwa vipi kila mara na ladha ikae ile ile. Wengi wetu tunafungua tawi la pili kabla la kwanza lijue linauza nini.

Sasa kuja 1952. Sanders ana miaka 62. Pete Harman, rafiki yake mwenye hoteli kule Salt Lake City, Utah, anaonjeshwa ile kuku na anaitaka. Wanashikana mikono: Harman atalipa senti nne za dola kwa kila kuku atakayeuza. Ni kitu kidogo sana, sivyo? Lakini ndani ya mwaka mmoja mauzo ya hoteli ya Harman yalipita mara tatu, na sehemu kubwa ya hiyo nyongeza ilitoka kwa kuku. Hata lile jina Kentucky Fried Chicken lilizaliwa huko Utah, kwa mchoraji wa mabango aliyekuwa akimfanyia Harman kazi.

Ukiuliza mimi, Sanders hangefuata hiyo njia kama Corbin ingeendelea kulipa. Alikuwa na hoteli ya viti zaidi ya mia, angekaa hapo hadi azeeke. Ila serikali ikachora barabara kuu mpya, ile I-75, ikapita mbali na mlango wake. Unajua vile baipasi inaweza kuua soko. Mwaka 1956 akauza mali kwa mnada, dola 75,000, akalipa madeni, akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Miaka imepita 65, hana duka, ana masala na jina.

Akaingia barabarani na presha kuka yake na viungo, amevaa suti nyeupe. Anafika kwa hoteli, anaomba apikie mwenye hoteli na wafanyakazi wake. Wakipenda, dili inafungwa. Wasipopenda, anaenda mji unaofuata, na kuna usiku alilala ndani ya gari. (Wale wa kutia watu motisha mtandaoni watakupea idadi kamili ya mara alikataliwa. Hiyo achana nayo, inatosha kujua alikataliwa mara mingi.)

Hapa ndio kuna akili ambayo wewe wa Umoja unafaa uibe. Sanders hakuwahi kutangaza resipe yake hadharani. Bibi yake, Claudia, alikuwa anachanganya viungo nyumbani kwao Shelbyville, anafunga, anatuma kwa posta. Mwenye hoteli alipata pakiti, hakupata siri. Akiamua kuacha kulipa, pakiti zinaisha. Msee wa Thika akijua masala yako yote, wiki ya tatu atafungua na jina lake.

Kufika 1964 kulikuwa na maduka zaidi ya 600 Marekani na Kanada. Mzee wa miaka 73 hangeweza tena kuzunguka yote akionja supu. John Y. Brown, wakili wa miaka 29 hivi, pamoja na mwekezaji Jack Massey, wakamwambia wamnunue kwa dola milioni mbili, na mshahara maisha yake yote aendelee kuwa uso wa kampuni. Alisitasita, kisha akauza, akabakisha Kanada.

Mwaka 1971 kampuni ya Heublein ilinunua biashara hiyo hiyo kwa dola milioni 285. Piga hesabu mwenyewe, mimi inaniuma na si pesa yangu.

Lakini doh sio kilichomkasirisha zaidi. Alikuwa anaingia kwa duka lenye sura yake ukutani, anaonja ile supu nzito ya kumwagia chakula, anaitukana mbele ya watu wote akiifananisha na gundi ya kubandika karatasi za ukuta. Wamiliki walikuwa wamerahisisha upishi ili iende haraka. Tawi moja la Bowling Green lilimpeleka kortini kwa hayo maneno, likashindwa. Yeye naye aliishtaki Heublein kwa kuweka sura yake kwa bidhaa ambazo hakuzitengeneza. Na yeye na Claudia walipofungua hoteli yao Shelbyville, kampuni ikajaribu kuwazuia kutumia jina lao. Waza hiyo: jina alilopewa na mathe yake, anaulizwa amepata wapi ruhusa. Mwishowe walielewana nje ya korti na akalipwa dola milioni moja.

Huku kwetu KFC ilifika Nairobi 2011. Unakumbuka Januari 2022 walipoishiwa na chips, na sisi tukauliza vipi na waru zimejaa Nyandarua? Jibu lilikuwa kwamba mkulima lazima kwanza apite mfumo wa ubora wa kampuni. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini hiyo ndio franchaizi kutoka upande wa yule anayekodi jina. Duka ni lako, wafanyakazi ni wako, lakini waru si wewe unachagua.

Sanders aliaga Louisville tarehe 16 Desemba 1980, akiwa na miaka 90. Alikuwa amesafiri hadi mwisho akipigia debe kuku ambaye hakuwa wake tena. Walimzika na ile suti nyeupe na tai nyeusi.