Nani wa kumwongoza Ibn Ummi Maktum?

Nilikuwa Bariadi kwa maziko ya shemeji yangu. Kwa asiyepajua, hapo ndipo makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ukitoka Mwanza unapita Magu, ukifika Lamadi unaiacha barabara ya Musoma na kushika ya kulia, unapita Nyakabindi kwenye viwanja vya Nane Nane, na hapo umeshaingia katika nchi ya pamba. Waislamu huko si wengi kama huku kwetu Pwani, na misikiti yao mingi ni midogo.

Alfajiri ya siku ya pili niliwahi msikitini. Nilimkuta mzee mmoja asiyeona amesimama mbele ya kipaza sauti, kimya, mkono wake begani kwa mtoto wa kiume wa kama miaka kumi. Mtoto alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Akamnong'oneza babu yake kuwa wakati umeingia, na mzee akaadhini kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Baada ya swala nilikaa naye barazani. Majirani waliokuwa wakipita walimsalimia kwa mwangaluka ya Kisukuma, naye akawajua wote kwa sauti. Yule mtoto ni mjukuu wake na ndiye macho yake. Humleta alfajiri, humrudisha, kisha hukimbilia shule, na adhuhuri hutoroka darasani kuja kumchukua tena. Fimbo ya mzee ni tawi la mti lililochongwa kwa panga. Fimbo nyeupe, ile nyepesi na ndefu inayopapasa ardhi hatua mbili mbele ya mtu, hajawahi kuishika. Nilipomuuliza kama amewahi kuomba msaada mahali, alishangaa swali langu. Aliniambia hana shida yoyote, ila mtoto anachelewa masomo.

Ndugu msomaji, njia nzima ya kurudi Mwanza nilikuwa namfikiria mtu mwingine aliyeadhini alfajiri bila kuiona alfajiri.

Jina lake hasa, wanahistoria wamehitilafiana. Watu wa Madina walimwita Abdullah, watu wa Iraq wakamwita Amr. Lililokubaliwa na wote ni kuwa alikuwa mwana wa Ummi Maktum, yaani mama wa yule ambaye nuru ya macho yake imefichwa. Mama huyo ni Atika binti Abdullah wa Bani Makhzum. Baba yake, Qays bin Zaida wa Bani Amir bin Luay, alikuwa kaka wa mama yake Bibi Khadija (RA), kwa hiyo huyu bwana na mke wa Mtume (SAW) walikuwa mtu na binamu yake. Nayataja haya kwa sababu wako wanaomhadithia kama ombaomba aliyeokotwa njiani. Alikuwa Mkureishi kwa baba na kwa mama, tena wa ukoo mzuri, na bado wakubwa wa Makka hawakumhesabu.

Kisa chake cha Makka kila mtoto wa madrasa anakijua. Mtume (SAW) alikuwa amekaa na vigogo wa Kikureishi akitaraji wasilimu. Ibn Ummi Maktum akaingia akitaka kufundishwa, akarudia ombi lake, maana hakuwa na njia ya kujua ni nani waliokaa pale. Mtume (SAW) akakunja uso. Ndipo ziliposhuka aya za mwanzo za Sura Abasa. Uso uliokunjwa yeye hakuuona, ila Mola wake aliuona kwa niaba yake, na mpaka leo tunauswalia. Wapokezi wanasimulia kuwa tangu siku ile Mtume (SAW) alikuwa akimkaribisha kwa heshima na kumuuliza haja yake.

Lakini mimi linalonivutia zaidi ni yale ya Madina. Aliwahi kuhama kabla ya Mtume (SAW) mwenyewe, akifuatana na Mus'ab bin Umayr (RA) katika kundi la mwanzo kabisa, na wawili hao wakawa wanawasomesha watu Qur'an. Mwalimu wa mji, asiyeona! Zama zile elimu ilikaa kifuani, kwa hiyo macho hayakumzuia. Leo mtoto asiyeona anayetaka kusoma Mswahafu kwa mkono wake anahitaji nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille, naye asiyeona, aliyefariki mwaka 1852. Mswahafu wa nukta nundu upo na unachapishwa. Nimeswali misikiti mingi ya Dar es Salaam yenye makabati ya misahafu hadi darini, na wa nukta nundu sijauona hata mmoja.

Kisha akapewa adhana. Bilal (RA) alikuwa akiadhini usiku ungali usiku, na watu wakiendelea kula daku. Waliacha kula waliposikia sauti ya Ibn Ummi Maktum. Naye hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Hapo ndugu zangu naomba tusimame kidogo. Madina ilikuwa imejaa watu wenye macho mazima, na kazi ya kutangaza kuchomoza kwa alfajiri, jambo la macho matupu, ikapewa mtu asiyeona. Maana yake ni kwamba kila siku palikuwa na watu wenye wajibu wa kutazama mbingu kisha kumwambia. Kazi ni yake, na jamii ndiyo iliyobeba pengo la macho. Hakupewa sadaka ili akae nyumbani.

Mtume (SAW) alipotoka kwa safari za vita alimwacha Madina kama naibu wake, akiwaswalisha watu. Wako wanahistoria waliohesabu mara 13. Na ilipokuwa ikiandikwa aya ya 95 ya Sura Nisaa, inayowatofautisha wanaokaa nyuma na wanaopigana, alifika akauliza habari ya mtu kama yeye asiyeweza kutoka. Wahyi ukarejea hapo hapo na wenye udhuru wakatolewa katika hukumu ile. Zayd bin Thabit (RA), aliyekuwa mwandishi, ndiye aliyeyapokea haya.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo kila msikiti inasomwa, na ambayo kwa maoni yangu huwa tunaisoma nusu. Ibn Ummi Maktum alimwendea Mtume (SAW) akamweleza kuwa haoni, nyumba yake iko mbali, na kiongozi aliyenaye hawaelewani vizuri. Katika mapokezi mengine akataja kuwa Madina ina wadudu na wanyama wengi wa kudhuru. Akaomba ruhusa ya kuswali nyumbani. Akaulizwa kama anaisikia adhana. Akajibu kuwa anaisikia, na ruhusa hakuipata.

Wahadhiri wetu huishia hapo na kutuhimiza jamaa: ikiwa kipofu hakuruhusiwa, sisi wenye macho je? Ni kweli, na himizo ni zuri. Lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Wamekumbusha kuwa Itban bin Malik (RA), ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika na njia yake ikijaa maji wakati wa mvua, alipoomba kama hivyo Mtume (SAW) alimfuata nyumbani kwake akamswalia mahali alipopachagua pawe pa kuswalia. Kwa hiyo wengi wamesema Ibn Ummi Maktum hakulazimishwa, bali alioneshwa lililo bora kwake. Mimi si mwanachuoni, siingii katika ubishi huo. Ninachouliza ni kuhusu yule kiongozi asiyeelewana naye. Mtu huyu ni muadhini na naibu wa Mtume (SAW), na kinachomkwaza ni umbali kati ya mlango wake na mlango wa msikiti, na mkono wa mtu wa kumshika. Ombi lake lote, ukilitazama vizuri, ni la kifaa. Kila ninapoisikia hadithi hii siku hizi namwona mzee wa Bariadi na kijana wake anayetoroka darasani.

Mwisho wa Ibn Ummi Maktum unajulikana. Katika zama za Sayyidna Umar (RA) alitoka na jeshi kwenda Iraq, ingawa Qur'an ilikuwa imeshampa udhuru. Anas bin Malik (RA) alimwona siku ya Qadisiyya, katika mwaka wa 636 hivi, amevaa deraya na ameshika bendera nyeusi. Inasimuliwa kuwa mwenyewe ndiye aliyeiomba bendera, kwa hoja kwamba asiyeona hawezi kukimbia. Wako wanaosema alikufa shahidi hapo, na wako wanaosema alirudi Madina na kufia huko.

Jibu la serikali kwa tatizo lile la kiongozi lilikuja miaka 70 hivi baadaye, na lilitoka kwa mtu ambaye sina haja ya kumtakasa, maana Bani Umayya wana mambo yao. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus kuanzia mwaka 705 hadi 715, aliwapangia wenye ukoma fungu lao na kuwakataza kuomba watu. Kila kiwete alipewa mtumishi, na kila asiyeona alipewa kiongozi. Tabari ameyaandika haya. Kiongozi aliyepewa fungu kutoka Baitul Mal, ukitaka kujua, ndicho kifaa saidizi cha karne ile, na fungu lile ndiyo bajeti yake.

Tujitazame sasa. Ijumaa yoyote pita Kariakoo milango ya misikiti inapofunguliwa. Utamwona mtu asiyeona na mtoto mbele yake ameshika ncha ya fimbo. Tunatia sarafu kwenye kopo na kuondoka tukijihisi tumetoa. Mtoto yule hatumuulizi yuko darasa la ngapi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani, shimesikio na magongo hadi viti mwendo. Katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Kwetu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka hata mfuko wa taifa kwa ajili yao. Na tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Mikopo hiyo haina riba. Narudia kwa faida ya wale wanaokimbia kila kitu kinachoitwa mkopo: haina riba.

Hata hivyo mkopo ni mtaji wa biashara, na lazima urudishwe. Aliyekatwa mguu anahitaji kwanza mguu bandia ndipo aende kwenye hiyo ofisi ya kukopa. Mwenye ualbino katika kanda hii ya Ziwa, iliyobeba aibu ya mauaji yao, anahitaji kofia na mafuta ya kukinga jua kabla ya kuingia shamba la pamba. Vitu hivi havizalishi marejesho. Vinahitaji mtu wa kutoa akasahau, na sisi tunayo zaka, tunayo sadaka, tunayo mali ya wakfu. Lakini nimekaa kamati za misikiti na najua tunavyobishana. Tumewahi kujadili rangi ya vigae usiku mzima. Habari ya ngazi saba za kuingilia ndani, ambazo mwenye kiti mwendo hawezi kuzipanda, haijawahi kuwa ajenda hata siku moja, na mimi mwenyewe nilikuwamo na sikuinua mkono.

Niliporudi Dar es Salaam tulichangishana sisi wafiwa, tukampelekea mzee wa Bariadi fimbo nyeupe pamoja na saa ya mkononi ambayo ukiibonyeza inataja wakati. Nilifikiri tumemaliza. Wiki mbili baadaye nikampigia simu. Fimbo, akasema, inamchanganya, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuitumia, na kweli wajuzi wanasema ni lazima mtu afunzwe. Hilo sikuwa nimelijua. Tumepata mwalimu wa elimu maalumu aliyeahidi kumpitia siku za mapumziko.

Kuhusu saa, tatizo lilikuwa jingine. Inataja wakati kwa Kiingereza, na mzee hajui Kiingereza. Mjukuu wake amekaa naye kila jioni akimfundisha namba. Siku nilipopiga walikuwa wamefika kumi na mbili, na adhuhuri ile mtoto alikuwa darasani.