Simon Kimbangu na Kitabu Kilichomtia Gerezani



Hapa Kasungami vijana wanatujia na maulizo ya namna mbili. Wengine, zaidi wale waliosoma, wanasema Biblia ni kitabu cha Wazungu, ilikuja pamoja na bunduki ili watutawale. Wengine ni wa kwetu, watu wa maombi: wanaona ya kuwa mwenye kupata ndoto na maono hana tena lazima ya kusoma. Kwa hao wote tumeona vema kukumbusha maisha ya Simon Kimbangu, aliyefia katika mji wetu huu wa Lubumbashi ulipoitwa Elisabethville.

Alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwaka 1887. Alifundishwa na wamisionari Wabaptisti wa Ngombe-Lutete, akabatizwa pamoja na mke wake Marie Muilu mwaka 1915. Kijana anayesema kitabu cha Wazungu aangalie hapa: Agano Jipya katika Kikongo lilichapwa mwaka 1893, na Mkongo aitwaye Nlemvo alitia mkono katika kazi ile ya kutafsiri pamoja na Bentley. Basi Simon alipokuwa angali mtoto mdogo, Maandiko yalikuwa yamekwisha kusema lugha ya mama yake.

Mwaka 1918, wakati ule wa homa kubwa iliyomaliza watu, alisikia mwito wa Mungu. Akakataa. Akakimbilia Leopoldville kutafuta kazi, kama Yona alivyoshuka kwenda Yafa. (Sisi tunafarijika kujua hata yeye alikimbia.) Aliporudi kijijini, tarehe 6 Aprili 1921, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, Nkiantondo, akaomba, naye akapona. Toka siku ile watu wakamiminika Nkamba kwa maelfu, hata kazi za Wazungu zikakosa watu.

Angalieni sasa aliwaambia nini. Wachome dawa za uchawi, waache wake wengi, waache ngoma chafu, tena wasome Biblia. Wakazitafuta Biblia na vitabu vya nyimbo katika mission za Waprotestanti mpaka vikapunguka. Mtu mwenye karama ya namna ile angeweza kusema neno lake mwenyewe latosha. Yeye aliwatuma kwenye Kitabu.

Tarehe 11 Mei mwaka ule, mtawala Léon Morel alifika Nkamba kuchunguza. Kimbangu akasoma mbele ya watu habari ya Daudi na Goliati. Morel akaondoka akiona hatari kwa serikali. Hatukatai kwamba mission nyingi na serikali ya Wabelgiji walitembea pamoja, wenye kutushitaki kwa hilo wana haki. Lakini kama Kitabu kilikuwa silaha ya mtawala tu, kwa nini mtawala akiogope kinaposomwa na mtu mweusi?

Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake, akajitoa. Tribinali ya kiaskari huko Thysville ilimhukumu tarehe 3 Oktoba 1921, bila wakili: fimbo 120 na kufa. Wamisionari Wabaptisti walimwombea rehema, na Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Akaletwa kwetu Katanga. Mahubiri yake yalikuwa ya miezi michache tu, kifungo chake miaka 30, kuupita wa Mandela. Wafuasi wake wengi walihamishwa na jamaa zao, wakatupwa mbali na kwao. Marie Muilu alibaki Nkamba akililinda kundi kwa siri. Alifariki Aprili 1959, na Desemba ya mwaka uleule serikali ikalikubali Kanisa lao.

Simon alifariki tarehe 12 Oktoba 1951, akazikwa hapa mjini. Mwaka 1960 mwili wake ulichukuliwa, ukarudishwa Nkamba.