Clifford Shull na Haidrojeni Isiyoonekana

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali.

Mtahiniwa, unajua kwamba molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Je, wanasayansi walijuaje haidrojeni hizo hukaa wapi maji yanapoganda? Maisha ya Clifford Shull yatakupa jibu.

Shull alizaliwa mwaka 1915 mjini Pittsburgh, Marekani. Alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, baba yake alifariki dunia ghafla. Masomo yangeweza kuishia hapo, lakini kaka yake, aliyekuwa amesomea sanaa, alishika biashara ya baba yao mpaka mdogo wake alipohitimu mwaka 1937. Mwaka 1941 Shull alipata shahada ya uzamivu.

Mwaka 1946 alihamia Oak Ridge, jimbo la Tennessee, penye kinu cha nyuklia kilichojengwa wakati wa vita. Huko alimkuta Ernest Wollan, ambaye alikuwa ameanza kuelekeza nyutroni za kinu hicho kwenye fuwele ili achunguze zinavyotawanyika.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa eksirei. Kumbuka kwamba eksirei hutawanywa na elektroni. Oksijeni ina elektroni 8, haidrojeni ina 1 tu, kwa hiyo haidrojeni haikuonekana vizuri. Nyutroni haina chaji. Huzipita elektroni na kutawanywa na kiini cha atomi. Hapo hata haidrojeni hujitokeza.

Mwaka 1949 Wollan, Shull na mwenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wa barafu ya maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni ya aina nzito. Walionyesha kwamba molekuli ya maji haivunjiki inapoganda: kila oksijeni hubaki na haidrojeni zake mbili karibu, huku nyingine mbili, za molekuli jirani, zikiwa mbali kidogo.

Shull alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 79, pamoja na Bertram Brockhouse wa Kanada. Wollan alikuwa amefariki mwaka 1984, na tuzo hiyo hawapewi marehemu. Shull alifariki mwaka 2001.

Utakapofaulu, nawe wakumbuke waliokushika mkono.

Maswali
1. Kwa nini eksirei hazikuionyesha haidrojeni vizuri?
2. Eleza mchango wa watu wawili waliomsaidia Shull kufanikiwa.
3. Je, ni haki Wollan kukosa tuzo? Toa hoja mbili.