Carl Linnaeus: Msweden aliyeipa kahawa ya Mbinga jina la kisayansi

Songea. Kahawa ya Mbinga, mahindi yanayojaza maghala ya Songea na tumbaku ya Namtumbo vinafanana kwa jambo moja: majina yake ya kisayansi yametoka kwa mtu mmoja, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Ni Carl Linnaeus. Alizaliwa Mei 23, 1707 katika kijiji cha Råshult, Sweden, baba yake akiwa mchungaji aliyependa sana bustani. Alisomea udaktari, na mwaka 1741 akawa profesa Chuo Kikuu cha Uppsala.

Enzi hizo majina ya mimea yalikuwa vurugu tupu. Mmea mmoja uliweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila msomi akauita anavyojua yeye. Mwaka 1753 Linnaeus akaja na utaratibu wa maneno mawili tu: la kwanza la kundi, la pili la mmea wenyewe. Mahindi yakawa Zea mays, kahawa Coffea arabica, tumbaku Nicotiana tabacum.

Mwaka 1758, kwenye toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, akafanya hivyo kwa wanyama. Twiga naye alimpa neno camelopardalis.

Faida yake ni kubwa. Mtafiti wa mbegu akiandika Zea mays akiwa Tanzania, mwenzake wa Brazil au China anamwelewa palepale.

Lakini jamaa hakupatia kila kitu. Jina arabica linatupeleka Arabuni, wakati asili ya kahawa hiyo ni misitu ya Ethiopia.

Kosa zito zaidi liko kwenye kitabu hichohicho cha 1758. Binadamu wote aliwaweka kwenye spishi moja, Homo sapiens, halafu akawagawa mafungu manne kwa bara na rangi ya ngozi. Mzungu akamwandika kuwa mbunifu anayeongozwa na sheria. Mwafrika akamwandika kuwa mvivu, mjanjamjanja na asiyejali. Hakuwa amefika huku wala kupima chochote, ila kwa kuwa yaliandikwa na msomi mkubwa, maneno ya aina hiyo yalikuja kutumika kuhalalisha ubaguzi.

Linnaeus alifariki Uppsala Januari 10, 1778, akiwa na miaka 70. Majina ya mimea yamebaki kwa sababu yanasaidia kazi. Yale mafungu ya watu sayansi imeyatupa, maana hayakuwa na ushahidi wowote.