Imam Ghazali na Mfano wa Twahara

Wengi wetu tunamjua Imam Abu Hamid al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa Ihya Ulum al-Din. Tunamdhania mtu wa uradi na tasbihi tu. Kumbe alikuwa mwalimu mkali wa mantiki.

Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 1058 (450 Hijria). Baba yake alifariki mapema, akamwachia rafiki yake amana ya kuwalea yeye na ndugu yake Ahmad. Alisoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akampa kiti cha kufundisha Nizamiyya ya Baghdad.

Mwaka 1095 ulimi ukamfunga darasani. Alikuwa amejihoji nia yake ya kufundisha, akaona imechanganyika na kutafuta jina. Elimu alikuwa nayo tele, lakini haikumtosha. Chakula hakikupita, matabibu wakakata tamaa. Akagawa mali yake, akaacha akiba ya watoto, akashika njia ya Damascus, kisha Jerusalem na Hijazi.

Watu husema hapo ndipo alipoitupa mantiki. Si kweli. Mwaka 1106 alirudi kufundisha Nishapur, na al-Mustasfa, kitabu chake cha usul al-fiqh alichokimaliza mwaka 1109, kinaanza na utangulizi wa mantiki. Humo anasema asiyeimudu, elimu yake si ya kutegemewa.

Mfano wake mmoja kila mwanafunzi anaweza kuubeba: sala ikiwa imesihi, basi aliyesali ana twahara. Ukijua sala imesihi, umejua twahara ipo. Ukijua twahara haipo, umejua sala haikusihi. Njia hizo mbili zinafika. Mbili nyingine hazifiki. Ukijua mtu ana twahara, bado hujajua kama sala yake imesihi. Huenda aliipa Kibla kisogo. Na ukisikia sala imebatilika, usimzulie kwamba hakuwa na udhu, maana sala huharibika kwa sababu nyingi. Twahara ni lazima, ila peke yake haitoshi.

Ndugu msomaji, sikiliza midahalo yetu ya chuoni: fulani kafeli, basi hakusoma, fulani kasoma, basi atafaulu. Ni zile njia mbili zisizofika, na tunazipigia makofi.

Imamu alifariki kwao Tus mwezi wa Desemba 1111, miaka miwili tu baada ya kukimaliza kitabu hicho.