Costermans: jina lililovikwa Bukavu

Mji wetu uliwahi kuitwa Costermansville. Jina hilo lilitolewa mwaka 1927, likadumu hadi katikati ya miaka ya 1950, Bukavu iliporudi. Hiyo -ville sote tunaijua, ndiyo ile ya Léopoldville, Stanleyville na Elisabethville. Mtu aliyeitangulia hatumjui sana.

Paul Costermans alizaliwa Brussels mwaka 1860. Akawa askari, kisha akaingia utumishi wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo mfalme Leopold wa Pili aliishika kama mali yake binafsi. Aliongoza wilaya ya Stanley Pool, na mwaka 1895 alichapisha maelezo juu yake. Baadaye akapanda cheo hadi makamu wa gavana mkuu, makao yakiwa Boma.

Jina lake la ukoo ni la Kiflandria. Mzizi ni koster, kutoka Kilatini custos, yaani mlinzi. Koster ni mtunza kanisa: hufungua milango, hupiga kengele, hulinda vyombo vya ibada. Kiishio -man ni mtu, na -s ya mwisho huonyesha uzao, kama tunavyosema wa fulani. Tusilichanganye na Coster la Waingereza, jina la nadra linalounganishwa na costard, aina ya tofaa kubwa. Yanafanana sura, lakini si ndugu.

Basi huyu wa ukoo wa mlinzi alilinda nini? Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ilifichua mateso ya mpira: watu waliochapwa viboko, wanawake waliofungwa mateka, mikono iliyokatwa. Leopold akalazimika kutuma tume ya uchunguzi ya watu watatu. Wakongo walisimama mbele yake, wakaeleza wenyewe yaliyowapata. Costermans, aliyekuwa akikaimu ugavana mkuu, alijulishwa yale tume iliyoyakuta. Machi 1905 akajiua.

Sidhani kifo hicho kinamsafisha. Wala simwachii deni lote peke yake, maana mpira ule ulikuwa na mwenyewe huko Ulaya. Lakini miaka 22 baadaye utawala wa Kibelgiji ulichukua jina lake, ukalifunika nalo jina lililokuwapo. Na hilo lilikuwa na maana: huelezwa kwa Mashi, bu- ileile ya Bushi na Buhavu, pamoja na enkafu, ng'ombe. Mahali pa ng'ombe.

Kwa hiyo naomba somo letu la majina ya mahali lisiishie kwenye mofimu. Etimolojia inatupa mlinzi wa mlango wa kanisa. Ni maisha ya mtu yanayotuambia mlango gani aliulinda, na akina nani waliachwa nje.