Omar Said Bakor na Utohozi wa Picha Mjini Lamu

Omar Said Bakor (1932–1993) ni miongoni mwa wapiga picha wachache wa mwambao wa Kenya ambao kazi zao zimechunguzwa na wataalamu. Hata hivyo, aghalabu hutajwa kama kioja: mtu asiyesomea fani hiyo, aliyezua maajabu kisiwani. Maelezo hayo hayatoshi, kwani yanaficha utaratibu uliomo katika kazi yake.

Bakor alijifunza mwenyewe. Kwa takriban miaka kumi alipiga picha mitaani mjini Lamu, kisha mwaka 1962 akafungua Bakor Studio. Studio ya picha katika Afrika ya Mashariki, iwe Babati au Mombasa, ilikuwa duka kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Picha zilizotundikwa ukutani zilikuwa ndizo tangazo lake, na mteja alichagua namna ya kuonekana kama achaguavyo kitambaa. Ni katika biashara hiyo, wala si nje yake, ambapo Bakor alianza kuunganisha picha: kuitoa sura ya mtu mahali ilipopigwa na kuipandikiza katika mandhari nyingine. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, kabla ya kompyuta kuirahisisha.

Malighafi yake ilikuwamo katika maisha ya mji: mapenzi ya filamu za Bombay na Hollywood, pamoja na mapambo ya bidhaa za dukani. Wapo watakaouita mwenendo huo uigaji. Lakini mwambao umezoea kutohoa. Juma Bhalo wa Mombasa alitia mashairi ya Kiswahili katika tuni za filamu za Kihindi, na taarabu yake ikabaki ya Kiswahili. Kanga nazo zimebeba michoro ya bidhaa za kila namna bila kuacha kuwa kanga. Neno la kigeni likishapokea viambishi vya Kiswahili hutii sarufi ya Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa taswira ya kibiashara ilipomilikiwa na sura ya mtu wa Lamu.

Mwaka huo huo wa 1962, Andy Warhol, aliyekuwa mchoraji wa matangazo mjini New York, alionyesha Los Angeles picha 32 za makopo ya supu. Tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Warhol aliitoa bidhaa sokoni akaipeleka kwenye ukumbi wa sanaa. Bakor hakutoka sokoni. Mteja wake alilipa, akaichukua picha kwake.

Suala zito zaidi ni la dini. Lamu ni mji wa wanazuoni, wenye Msikiti wa Riyadha na Maulidi yavutayo wageni kutoka mbali. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamekataza taswira za viumbe vyenye roho. Walioruhusu kamera hujenga hoja kwamba haiumbi kitu, bali huzuia kivuli tu, mithili ya kioo. Hapa pana utata ambao wasifu wa Bakor hauwezi kuukwepa: mara tu mkono wa binadamu unapokata na kupandikiza, utetezi wa kioo huanguka. Kwa upande mwingine, picha isiyoweza kuwako duniani haijidai kushindana na uumbaji. Inajitangaza kuwa kazi ya mkono. Yamkini hoja hii ya pili ina nguvu zaidi, lakini haiondoi ya kwanza, na Bakor, Mwislamu miongoni mwa Waislamu, alifanya kazi miaka thelathini baina ya hizo mbili.

Alifariki mwaka 1993, na wanawe wakaiendeleza studio. Mwaka 1998 jina lake liliingia katika diwani kubwa ya upigaji picha wa Afrika iliyotolewa Paris na Revue Noire, na mwaka 2013 Heike Behrend akamjadili kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu picha za mwambao. Katika kurasa hizo picha alizowauzia majirani zake husomwa kama sanaa, zikiwa zimetengwa na nyumba zilimotundikwa.